Mwenye Kituo na Mwenye Rimoti: Nani Huelekeza Habari za Kebo Marekani?

Kwa takriban miaka 15 kuanzia 2011, kituo cha televisheni kilichoongoza Marekani kwa kuwasema matajiri na kukitetea Chama cha Democratic kilikuwa mali ya Comcast, kampuni kubwa ya kebo na intaneti yenye makao yake Philadelphia. Comcast hutumia mamilioni ya dola kila mwaka kuwashawishi wabunge mjini Washington, na si kwa ajili ya kuwapigania wanyonge. Kituo chenyewe ni MSNBC. Usiku waendesha vipindi wake walidai makampuni makubwa yatozwe kodi zaidi. Mwisho wa mwaka faida ya vipindi hivyo ikaingia katika hesabu za mojawapo ya makampuni hayo.

Jambo hilo moja linatosha kuwachanganya watu. Mfuasi wa mrengo wa kulia hudai kwamba vyombo vikubwa vya habari vya Marekani vimetekwa na mrengo wa kushoto. Wa kushoto naye hujibu kwamba vyombo hivyo ni vya mabilionea, hivyo haviwezi kamwe kuwa upande wa mnyonge. Kila mmoja ana mifano ya kweli mkononi, na kila mmoja huiacha ile inayompinga.

Mtazamaji wa Nairobi au Dar es Salaam huongezewa utata mwingine. CNN anayoipata kwenye king'amuzi ni CNN International, yenye ratiba tofauti na ile wanayogombania Wamarekani. Wakenya wanaikumbuka zaidi kwa Julai 2015, pale ilipoieleza nchi yao kama kitovu cha ugaidi siku chache kabla ya ziara ya Rais Barack Obama. Mitandao ikawaka, na mwezi uliofuata mkubwa mmoja wa kituo hicho akafika Nairobi kumwomba radhi Rais Uhuru Kenyatta. Kosa lile halikuwa la Democratic wala Republican. Upendeleo unaojadiliwa hapa ni wa aina nyingine: ule wa vyama, ndani ya Marekani yenyewe, katika vituo vitatu vya CNN, Fox News na MSNBC, ambacho tangu Novemba 2025 kinaitwa MS NOW.

Vilikotoka

Ted Turner, aliyerithi biashara ya mabango ya matangazo kutoka kwa baba yake, alizindua CNN mjini Atlanta tarehe 1 Juni 1980. Wamarekani wakati huo walizoea nusu saa ya habari jioni kutoka ABC, CBS au NBC, na wazo la habari saa 24 lilichekwa. Kicheko kiliisha Januari 1991, waandishi wa CNN walipotangaza moja kwa moja kutoka hotelini Baghdad huku mabomu yakianguka.

Mwaka 1996 ndio uliobadilisha mchezo. Time Warner iliinunua kampuni ya Turner. Mwezi Julai, Microsoft na NBC, ambayo wakati huo ilimilikiwa na General Electric, zikaanzisha MSNBC. Oktoba, tajiri wa vyombo vya habari Rupert Murdoch akazindua Fox News na kumkabidhi Roger Ailes, mtaalamu wa kampeni aliyewahi kuwashauri Richard Nixon, Ronald Reagan na George H. W. Bush. Kwa kawaida kampuni ya kebo ndiyo humlipa mwenye kituo. Murdoch akaugeuza utaratibu: akazilipa kampuni za kebo kwa kila mteja ili zikubali kukibeba kituo chake. Kufikia 2002 Fox ilikuwa imeipita CNN kwa idadi ya watazamaji.

Hapa kuna kosa moja linalorudiwa sana na linafaa kuondolewa njiani mapema. Wengi huamini kwamba Fox News ilizaliwa kwa sababu Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilifuta mwaka 1987 kanuni ya 1949 iliyovitaka vituo kutoa nafasi kwa maoni yanayopingana. Kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya redio na televisheni zinazotumia masafa ya hewani. Mahakama ya Juu ya Marekani iliikubali mwaka 1969 kwa hoja kwamba masafa hayo ni machache na ni mali ya umma, hivyo anayepewa leseni anaweza kuwekewa masharti. Kituo cha kebo hakitumii masafa hayo wala hakiombi leseni ya FCC. Kufutwa kwa kanuni ile kuliwafungulia njia zaidi watangazaji wa redio kama Rush Limbaugh, aliyeanza kusikika nchi nzima mwaka 1988. Kuisukuma hadi kwenye kebo kungegonga ukuta wa katiba.

Pesa zinavyoingia

Huwezi kuuelewa upendeleo wa kebo bila kuielewa ankara ya kebo. Nyumba inayolipia kifurushi cha vituo hulipia vyote, vitazamwe visitazamwe, na kampuni ya kebo hupeleka sehemu ya malipo hayo kwa kila mwenye kituo. Fox News hupata zaidi ya dola 2 kwa mwezi kwa kila mteja, kiwango cha juu mno kwa kituo kisichoonyesha michezo. Mfuasi wa Democratic anayeichukia Fox kwa moyo wote amekuwa akiichangia kila mwezi.

Utaratibu huo una tokeo lisiloonekana haraka. Mkataba unapofika mwisho, nguvu ya kituo katika mazungumzo haitokani na wingi wa wanaokipenda kidogo. Inatokana na ukali wa wale watakaopiga simu kwa hasira na kuhama kampuni kikiondolewa. Nchi ina watu zaidi ya milioni 330, na kituo chenye watazamaji milioni mbili au tatu jioni kinaweza kutajirika mradi hao wachache wasivumilie kukikosa. Kwa hiyo kituo hutafuta mapenzi, wala si heshima.

Tena maoni ni nafuu. Mwendesha kipindi mmoja na wageni wanne kwa njia ya video hugharimu sehemu ndogo tu ya gharama ya kupeleka waandishi na mpiga picha Goma au Khartoum. Ada za kebo pia huwa ngao: wafanyabiashara wengi waliondoa matangazo yao katika kipindi cha Tucker Carlson wa Fox kwa miaka kadhaa, na kipindi kikaendelea kuruka hewani.

Mwenye mali ndiye mwenye msimamo

Hoja ya kwanza, na ya zamani kuliko zote, husema upendeleo huanzia juu. Edward Herman na Noam Chomsky waliipa umbo la kitaaluma mwaka 1988 katika kitabu chao Manufacturing Consent: umiliki wa makampuni, matangazo ya biashara na utegemezi kwa vyanzo vya serikali huchuja habari kabla hazijamfikia msomaji.

Ushahidi wake haupuuziki. Bila Murdoch na Ailes, Fox News isingekuwa Fox News. Halafu kuna kisa cha Phil Donahue. Mwanzoni mwa 2003, Marekani ikijiandaa kuivamia Iraq, kipindi chake kilikuwa na watazamaji wengi kuliko vingine vyote vya MSNBC, naye alikuwa akiwaalika wapinzani wa vita. Kilifutwa Februari. Waraka wa ndani wa NBC uliovuja ulieleza hofu kwamba angekuwa sura ya kuitia kampuni matatani wakati wa vita. General Electric, mwenye NBC, ilikuwa pia ikitengeneza injini za ndege za kijeshi. Hapo walioshika rimoti walimtaka Donahue, na wenye kituo hawakumtaka.

Utafiti wa Gregory Martin na Josh McCrain, uliochapishwa mwaka 2019, unaipa hoja hii nguvu kutoka nje kidogo ya kebo. Waliviangalia vituo vya miji vilivyonunuliwa na kampuni ya Sinclair mwaka 2017. Baada ya mauzo, vituo hivyo vilipunguza habari za mitaa yao, vikaongeza siasa za kitaifa na kusogea kulia, ikilinganishwa na washindani wao mjini humohumo. Watazamaji walikuwa walewale. Kilichobadilika ni mwenye hati.

Udhaifu wake ni MSNBC yenyewe. Kama mmiliki huamua msimamo, ilikuwaje kampuni moja, General Electric, ikamfuta Donahue mwaka 2003 kisha miaka michache baadaye ikawa nyumbani kwa waendesha vipindi wa mrengo wa kushoto, Keith Olbermann na Rachel Maddow? Mkurugenzi wake hakuongoka akawa msoshalisti. Kuna jambo jingine lililofanya kazi.

Mtazamaji ndiye mwajiri

Jambo hilo ni soko. MSNBC ilijaribu kwanza kuwania mrengo wa kulia. Mwaka 2003 ilimpa kipindi Michael Savage, mtangazaji wa redio wa kihafidhina, na kuanzia 2005 hadi 2008 ilimwajiri Tucker Carlson, ndiyo, yuleyule. Havikushika. Olbermann, aliyemshambulia Rais George W. Bush bila kuuma maneno, alishika. Kituo kikafuata watazamaji walikokwenda.

Utafiti unaotajwa zaidi kwa upande huu ni wa Matthew Gentzkow na Jesse Shapiro, wa mwaka 2010. Ulihusu magazeti, lakini fundisho lake linavuka. Walipima lugha ya magazeti ya kila siku ya Marekani na kukuta kwamba mwelekeo wake ulifuata siasa za wasomaji wa eneo husika. Nani analimiliki gazeti hakukuongeza maelezo mengi.

Kisa kinachoieleza hoja hii kuliko takwimu zote ni cha Novemba 2020. Usiku wa uchaguzi, dawati la matokeo la Fox lilitangaza mapema kuliko washindani wake kwamba Joe Biden ameshinda Arizona. Lilikuwa sahihi. Watazamaji wakakasirika, na sehemu yao ikahamia Newsmax, kituo kidogo kilichokuwa tayari kuwaambia walichotaka kusikia. Nyaraka zilizofichuliwa baadaye katika kesi ya kampuni ya mashine za kura ya Dominion dhidi ya Fox zilionyesha waendesha vipindi na wakubwa wa Fox wakiyakejeli faraghani madai ya wizi wa kura ambayo kituo chao kiliendelea kuyapa nafasi. Chris Stirewalt, mhariri wa siasa aliyeutetea hadharani uamuzi wa Arizona, akapoteza kazi Januari 2021. Aprili 2023 Fox ilikubali kuilipa Dominion dola milioni 787.5.

Katika kisa hicho Murdoch hakuonekana kama bwana mkubwa anayeamuru uongo. Chini ya kiapo alikubali kwamba baadhi ya waendesha vipindi wake waliyaunga mkono madai hayo, na kwamba yeye angeweza kuwazuia lakini hakufanya hivyo. Huyu ndiye Murdoch ambaye mwaka 2015 alimlaumu Donald Trump hadharani. Himaya aliyoijenga ilikuwa imemlea mtazamaji ambaye sasa yeye mwenyewe alimwogopa.

Hata hivyo, neno hilo "imemlea" ndilo linaloivuruga hoja ya soko. Inachukulia kwamba mtazamaji alikuja na msimamo wake tayari, na kituo kikamhudumia kama muuza duka. Stefano DellaVigna na Ethan Kaplan walilinganisha miji iliyopata Fox News kabla ya uchaguzi wa 2000 na ile ambayo haikuwa imeipata, wakakuta Republican waliongeza kati ya asilimia 0.4 na 0.7 ya kura kule ilikofika. Mwaka 2017 Gregory Martin na Ali Yurukoglu walitumia ujanja mzuri: namba ya kituo kwenye rimoti. Vituo vyenye namba ndogo hutazamwa zaidi bila sababu ya kisiasa, kwa hiyo tofauti za namba huonyesha kituo kinavyombadilisha mtu. Walikuta Fox inawasogeza watazamaji kulia, na zaidi ya hapo, kwamba Fox iliegemea kulia kupita kiwango ambacho kingeipatia watazamaji wengi zaidi. Mfanyabiashara anayefuata soko tu asingefika huko. Mkono wa mwenye mali ukarudi kupitia mlango wa nyuma.

Waandishi wenyewe

Hoja ya tatu inapendwa na wahafidhina: tatizo ni waandishi. Ina chembe ya ukweli. Katika uchunguzi wa waandishi wa Marekani wa mwaka 2022, waliojitaja kuwa Republican walikuwa takriban 3.4 kwa kila 100. Huenda hilo linasaidia kueleza habari zipi huonekana nzito na zipi huachwa katika vituo kama CNN. Lakini haliwezi kueleza Fox, na haliwezi kueleza kwa nini Carlson alipita CNN, MSNBC na Fox kwa zamu. Chumba cha habari kinaweza kufutwa kazi chote asubuhi moja. Watu wenye nguvu ndogo kiasi hicho si wa kulaumiwa sana.

Mwenye biashara nyingine

Hoja zote tatu hudhani kwamba umiliki ni suala la imani: mmiliki wa kulia, mmiliki wa kushoto. Pengine hapo ndipo zinapokosea. Swali lenye matunda zaidi ni hili: mwenye kituo anamiliki nini kingine, na anahitaji nini kutoka kwa nani?

Mwaka 2009 ugomvi wa Olbermann na Bill O'Reilly wa Fox ulikuwa mkali kiasi cha O'Reilly kuishambulia General Electric kila mara. Gazeti la New York Times liliripoti kwamba wakubwa wa makampuni mawili yaliyomiliki vituo hivyo walitafuta suluhu ili mashambulizi yapungue. Waendesha vipindi hao walipingana kwa itikadi. Mabosi wao walikutana kwa maslahi.

CNN ndiyo darasa kamili. Imepita mikono ya Turner, Time Warner, AOL Time Warner, AT&T na, tangu Aprili 2022, Warner Bros. Discovery. AT&T ilipotaka kuinunua Time Warner, Trump akiwa mgombea mwaka 2016 aliahidi kuuzuia mpango huo; Novemba 2017 Wizara ya Sheria ya utawala wake ikaenda mahakamani kuupinga, na Juni 2018 jaji akaipa AT&T ushindi. Kama chuki dhidi ya CNN ndiyo iliyoisukuma kesi, hilo halikuthibitishwa. Lakini kila mkurugenzi wa kampuni alijifunza jinsi jambo hilo linavyoweza kugharimu.

Chini ya Warner Bros. Discovery, mwanahisa mwenye ushawishi John Malone alikuwa amesema wazi angependa CNN irudi kwenye uandishi wa habari wa kawaida. Mkuu mpya, Chris Licht, akaipeleka katikati. Mwendesha kipindi Brian Stelter akaondolewa, na Mei 2023 Trump akapewa jukwaa mbele ya hadhira iliyomshangilia New Hampshire. Wahafidhina hawakurudi, waliberali wakaudhika, na Licht akaondoka Juni. Mmiliki aliweza kubadilisha kituo. Hakuweza kumbadilisha mtazamaji kwa kasi hiyohiyo.

Tangu 2024 mfano umeenea hadi vituo vya masafa ya hewani. ABC ya Disney ilikubali kutoa dola milioni 15 kumaliza kesi ya Trump Desemba 2024. Paramount, mwenye CBS, ilikubali milioni 16 Julai 2025, na wiki chache baadaye FCC ikaidhinisha kuungana kwake na kampuni ya Skydance. Wanasheria wengi waliziona kesi zote mbili kuwa dhaifu. Waliolipa hawakuwa wahafidhina. Walikuwa na maombi mezani kwa serikali, au leseni za kulinda.

Uzito wa kila upande

Ukiyaweka yote kwenye mizani, soko ndilo linaloeleza vizuri zaidi sauti ya kila usiku: nani anaalikwa, hasira inaelekezwa wapi, habari gani inarudiwa mara kumi. Mwenye mali hueleza matukio machache yenye athari kubwa, yaani kuanzishwa kwa kituo, kuajiriwa na kufukuzwa kwa wakuu, mauzo, na hofu mbele ya dola. Mzozo wa familia ya Murdoch unaonyesha jinsi viwili hivyo vinavyoungana. Rupert alijaribu kubadilisha mfuko wa amana wa familia ili Lachlan, mwanawe wa kihafidhina, abaki na udhibiti, kwa hoja kwamba msimamo wa Fox ndio thamani yake. Kamishna wa mahakama Nevada alimkatalia Desemba 2024. Septemba 2025 yakafikiwa maafikiano, na watoto watatu wengine wakaondoka na takriban dola bilioni 1.1 kila mmoja. Itikadi ilikuwa imepewa bei.

Tiba zinazopendekezwa zote zina gharama. Kumiliki kwa hisa zilizotawanyika huondoa itikadi ya mtu mmoja, lakini huleta wakurugenzi wanaolipa haraka wakitishwa. Familia moja inaweza kusimama imara mbele ya serikali, na inaweza pia kukigeuza kituo chote kuwa chombo chake. Fedha za umma zina hatari yake: Julai 2025 Bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengewa redio na televisheni za umma. Kuvunja vifurushi, ili kila mtu alipie anachotazama tu, kungemwondolea mtu mzigo wa kuichangia Fox au MS NOW asiyoipenda. Lakini kituo kinachoishi kwa wafuasi wake pekee kingezidi kuwaogopa. Taasisi ya utafiti ya Pew ilikuta mwaka 2020 kwamba asilimia 93 ya wanaoitegemea Fox kwa siasa ni Republican au huelemea huko, na asilimia 95 ya wanaoitegemea MSNBC ni upande wa Democratic. Huko ndiko soko linakoelekea hata sasa, wateja wa kebo wakizidi kupungua.

Majaribio mawili yanaendelea mbele ya macho. MS NOW imetengwa na Comcast na kuwekwa chini ya kampuni mpya ya Versant, isiyo na himaya ya intaneti ya kulinda mbele ya serikali, lakini pia isiyo na mfuko mnene wa kuitegemeza ada za kebo zikishuka. CNN nayo ilijikuta mwishoni mwa 2025 katikati ya vita vya kuinunua Warner Bros. Discovery. Netflix ilitaka studio na HBO na kuviacha vituo vya kebo. Paramount ilitaka vyote, CNN ikiwemo, huku Trump akisema wazi kwamba CNN iuzwe. Idhini ya mauzo ya ukubwa huo hupitia Wizara ya Sheria, iliyo chini ya rais huyohuyo.